Nani anaitika? Shauti ya duara ya Wamarekani Weusi, kutoka kanisani hadi jukwaani

Askofu Daniel Alexander Payne hakuwa adui wa watu wake. Alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1811, mtoto wa wazazi weusi huru katika mji uliojaa watumwa. Akiwa na miaka 18 alifungua shule ya watoto weusi, na sheria ya jimbo ya mwaka 1834, iliyokataza weusi kufundishwa kusoma, ikamlazimu kuifunga. Baadaye akawa askofu wa kanisa la African Methodist Episcopal na rais wa chuo kikuu cha Wilberforce huko Ohio. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1888, anasimulia alivyohudhuria mkutano mmoja wa injili. Mahubiri yalipokwisha waumini walivua makoti, wakaunda duara, wakaanza kuimba, kupiga makofi na kukanyaga kwa vishindo. Payne akamwomba mchungaji awazuie. Makofi yakakoma, lakini miili iliendelea kuyumba na wimbo haukukatika. Ikabidi aende mwenyewe, amshike mkono kiongozi wao na kumwambia kwamba kuabudu kwa namna ile ni ushenzi, kunawaaibisha wao wenyewe, watu weusi wote na jina la Kikristo. Walitawanyika wamenuna. Baadaye yule kiongozi akamjibu: Roho wa Mungu hufanya kazi kwa namna nyingi, na pasipo duara hapa na duara pale, wenye dhambi hawataongoka.

Ubishi huo haujaisha, umehama tu ukumbi. Duara lile lile linapanda leo kwenye majukwaa ya matamasha, linaingia kwenye kumbi za dansi za New York, linarekodiwa na kufundishwa vyuoni. Waandishi wa sanaa hulieleza kwa maneno yaleyale kila mara: mchanganyiko wa tambiko, wimbo na hadithi unaochimba urithi wa watu weusi. Ni kweli, ila kauli hiyo inaacha maswali yote yalipokuwa. Vitu hivyo vitatu vinachanganyikaje? Kipi kinabeba kipi? Na tambiko likishakatiwa tiketi, bado ni tambiko?

Nachukua mfano mmoja ninaouona kuwa na majibu mengi kuliko mingine: shauti ya duara (kwa Kiingereza ring shout), ibada ya kuimba na kuzunguka kwa mwendo wa miguu, ya watu wa Gullah Geechee katika pwani ya Georgia na South Carolina. Mjadala mwingi juu yake huanzia kwenye mahali, yaani kanisani au jukwaani. Mimi naona tuanze na nani anaitika.

Kazi nne ndani ya duara

Gullah Geechee ni wazao wa Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya mpunga, pamba na nili, katika ukanda wa pwani na visiwa unaoanzia North Carolina hadi kaskazini mwa Florida. Malaria ilikuwa kali, mabwana wengi walikimbilia kwingine miezi ya joto, na weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Ndiyo maana lugha yao, mapishi yao na ibada zao vilibaki na Afrika nyingi kuliko sehemu nyingine za Marekani. Mwaka 2006 bunge la Marekani liliutambua ukanda huo kuwa eneo la urithi wa taifa.

Asiyejua akisikia shauti atadhani ni kelele. Kwa wenyewe ni mwendo wa miguu, basi tuanzie hapo chini. Mguu mmoja unatangulia, wa pili unaukaribia lakini hauupiti. Nyayo haziinuliwi juu. Zinaburuzwa, na mwili unasogea kwa mshtuko mdogo mdogo unaopanda hadi mabegani. Kukunja mguu juu ya mwingine ni mwiko, kwa sababu hapo utakuwa umecheza dansi, na dansi ni ya dunia. Mzunguko unakwenda kinyume na mwendo wa saa.

Jamii iliyoilinda shauti bila kukatika ni ya Bolden, inayoitwa pia Briar Patch, katika kaunti ya McIntosh, Georgia, na kanisa lake la Wabaptisti la Mount Calvary. Usiku mkubwa wao ni mkesha wa 31 Desemba. Kila aliyeko pale ana kazi. Kuna mwimbishaji, anayetoa mstari. Kuna mpiga fimbo, aliyeshika mpini wa ufagio na kuugonga wima kwenye sakafu ya mbao, kwa hiyo sakafu yenyewe inakuwa ngoma. Kuna waitikiaji wanaosimama nyuma ya hao wawili, wanaojibu kila mstari na kupiga makofi. Na kuna wazungukaji, wengi wao wanawake, wanaokwenda duara mbele yao.

Sikiliza jinsi kazi hizo zinavyopishana. Makofi yanagawa mapigo manane kwa tatu, tatu na mbili. Fimbo haiyafuati makofi, na miguu haiifuati fimbo. Mwaka 1867 William Francis Allen, Charles Ware na Lucy McKim Garrison walichapisha mkusanyiko mkubwa wa kwanza wa nyimbo za watumwa wa Marekani, na katika utangulizi Allen anaeleza jambo lililomshangaza: waitikiaji wakianza, mwimbishaji mara nyingi hukatisha mstari wake na kuacha maneno yaliyobaki yakisiwe, au mwimbaji mwingine ayadake. Waitikiaji nao huanza wapendapo na kuacha wapendapo, huyu akipanda oktava, yule akishuka. Anasema hakuna uimbaji wa sauti nne kama wauelewavyo wao, ila ni kama hakuna wawili wanaoimba kitu kimoja.

Allen alisikia hapo kitu ambacho mtu aliyekulia Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Mwimbishaji hana wimbo, ana nusu ya wimbo. Nusu ya pili iko kwa watu, na wasipoitoa, yeye hawezi kuendelea. Ndani ya shauti hakuna nafasi ya mtazamaji. Benchi, kama lilivyoelezwa katika maelezo ya miaka hiyo ya 1860, husogezwa ukutani sala rasmi ikiisha, na sakafu nzima inakuwa ya kutumika. Kishindo cha miguu, maelezo hayohayo yanasema, kilikuwa kikiwanyima usingizi watu walio mbali na nyumba ya sala hadi katikati ya usiku. Nyumba zenyewe zilikuwa vibanda vidogo tu. Katika kisiwa cha St. Helena, South Carolina, tatu bado zimesimama.

Ilitoka wapi?

Jibu rahisi linalorudiwa sana ni hili: watumwa walinyang'anywa ngoma, basi wakapiga miguu na fimbo. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi.

Tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono, South Carolina, kundi la watumwa, wengi wao kutoka Kongo, liliasi. Walivunja duka, wakachukua silaha, wakaelekea kusini kuitafuta Florida ya Wahispania, bendera juu na ngoma zikilia ili wengine wajiunge. Waliuawa wengi. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria kali iliyokataza watumwa, pamoja na mengine, kupiga wala kumiliki ngoma na baragumu. Georgia, iliyoruhusu utumwa mwaka 1751, iliiga sheria za jirani yake. Hofu ya wenye mashamba ilikuwa na msingi: ngoma ilikuwa chombo cha kuitana.

Hata hivyo ngoma hazikutoweka kabisa. Wazee wa pwani ya Georgia waliohojiwa miaka ya 1930 walikumbuka ngoma zikipigwa kwenye mazishi. Na kanisa nalo lilikuwa na mkono wake, kwa kuwa ngoma na zeze vilihesabiwa vyombo vya dhambi hata pale sheria isipofika. Kwa hiyo fimbo ya shauti ina wazazi wawili, bwana aliyeogopa uasi na muumini aliyetaka kuabudu bila kugusa vya dunia.

Kuhusu duara lenyewe wataalamu wanavutana. Mwanahistoria Sterling Stuckey, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alilifanya duara kuwa kiini cha hoja nzima: kwamba ndimo Wakongo, Wamende, Waigbo na wengine, walioshushwa melini bila lugha ya pamoja, walipogeuka kuwa watu wamoja. Yeye na mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson waliona katika mzunguko ule alama ya Wakongo ya safari ya jua, kuchomoza, utosini, kuzama na usiku wa wafu, inayokwenda kinyume na saa. Hoja ina nguvu, kwani Wakongo walikuwa wengi kwenye pwani ile. Meli Wanderer, mojawapo ya meli za mwisho za watumwa kufika Marekani, ilishusha watu wapatao 400 kisiwani Jekyll, Georgia, mwaka 1858, wengi wao kutoka eneo la mto Kongo. Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner, kwa upande wake, alipendekeza uhusiano na tawafu ya Waislamu. Nalo si wazo la kutupa, kwa kuwa kisiwani Sapelo, kaunti ileile ya McIntosh, aliishi Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Futa Jallon aliyeacha mswada wa Kiarabu ulioandikwa kwa mkono wake. Na tawafu inakwenda kinyume na saa.

Nimeona wasomaji wakichagua moja kati ya hizo na kuishikilia kama hati ya kuzaliwa. Sisi tulio na ngoma za duara kila kona, kuanzia unyago hadi mavuno, tunajua kwamba duara peke yake halimpeleki mtu kijiji fulani. Nguvu ya hoja ya Stuckey, kwangu, iko kwenye kuonyesha kwamba umbo lililofahamika kwa wengi liliwapa wageni hao mahali pa kukutana kabla hawajaelewana maneno.

Wimbo mmoja uliorudi nyumbani

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Turner alifika Harris Neck, kaunti ya McIntosh, na mashine yake ya kurekodi. Mwanamke mmoja, Amelia Dawley, alimwimbia wimbo mfupi aliorithi kwa waliomtangulia. Hakujua maana yake. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliyekuwa Marekani, Solomon Caulker, aliutambua kuwa Kimende, na Turner akauchapisha na tafsiri yake mwaka 1949. Unahesabiwa kuwa mojawapo ya maandishi marefu zaidi ya lugha ya Kiafrika yaliyohifadhiwa kinywani na Wamarekani Weusi.

Miaka ya 1990 mwanahistoria Joseph Opala, mwanamuziki-mtafiti Cynthia Schmidt na mwanaisimu wa Sierra Leone Tazieff Koroma waliufuatilia upya. Koroma alisikia kwamba maneno yake ni ya lahaja ya Wamende wa kusini, na hilo likawapunguzia eneo la kutafuta. Katika kijiji cha Senehun Ngola, Schmidt alimkuta mwanamke, Baindu Jabati, aliyeuimba wimbo uleule, na miondoko yake. Bibi yake alimfundisha akimwambia autunze, kwa maana siku moja utawarudisha ndugu waliopotea. Upande wa Georgia wakampata Mary Moran, binti wa Amelia, ambaye naye aliukumbuka kutoka kwa mama yake. Vita vya Sierra Leone vilichelewesha safari. Mwaka 1997 Mary Moran na familia yake walifika Senehun Ngola.

Wimbo ulikuwa wa maziko. Maneno yake yanawaita watu waje wafanye kazi kwa bidii, kaburi halijakamilika, na yanamtakia marehemu moyo uliotulia. Wanawake wa Kimende ndio waliosimamia ibada za kuzaliwa na kufa, kwa hiyo ulikuwa mali ya wanawake, ukaimbwa katika sherehe iliyoitwa Tenjami, ya kumvusha marehemu mto. Pale Georgia mama aliwafundisha watoto kama wimbo wa kuchezea.

Naukawiza mfano huu kwa makusudi, maana unaonyesha yale matatu yakitengana. Kwa Amelia, tambiko lilikuwa limekufa, na halikuwa na namna ya kuishi bila kijiji, wazee na makaburi ya kwao. Hadithi, yaani maana, ilikuwa imefutika. Wimbo peke yake ulidumu, kwa takriban vizazi vitano, bila anayeuelewa, kwa kuwa ulishikwa na mdundo na mwili wa mtoto anayeruka. Kijijini Senehun Ngola kwenyewe sherehe ilikuwa imeachwa kwa muda mrefu. Wimbo ulibaki kwa Baindu. Ugeni wa familia ya Moran ndio uliowafanya wanakijiji waifanye tena, wakiongozwa na mzee aliyeikumbuka. Mara nyingi tunadhani tambiko ndio mti na wimbo ni tawi. Hapa wimbo ulihifadhi mbegu ambayo tambiko lenyewe liliipoteza, pande zote mbili za bahari.

Hadithi ambayo haikuhitaji kusimuliwa

Sasa turudi kwenye shauti na kipande kilichobaki, hadithi. Kuna shauti ya Bolden inayomwambia mtu aitwaye Daniel asogee, ageuke aende upande wa pili, ayumbe, aruke, arudi nyumbani. Wazungukaji hufanya kila wanachoamriwa. Msikilizaji wa Biblia atafikiri ni nabii Danieli. Lawrence McKiver, mwimbishaji mashuhuri wa Bolden, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2013, alieleza kama alivyosikia kwa wazee wake: Daniel alikuwa mtumwa aliyeiba nyama kwenye banda la bwana, naye bwana anakuja, na walio kwenye duara wanamwonya kwa wimbo apite njia ipi. Bwana mwenyewe anasimama pale akisikia watu weusi wakimwimbia Mungu. Katika nyingine, Mungu anamwita Adamu na anajibiwa kwamba Adamu yuko bustanini anaokota majani. Wazungukaji wanainama kuokota, mwendo haukatiki.

Katika duara la zamani hakuna aliyesimama kusema "wimbo huu unahusu fulani". Waliokuwamo walijua, na asiyetakiwa kujua hakuambiwa. Hadithi ilifichwa ndani ya amri za mwili.

Mkesha wenyewe uko hivyo hivyo. Wamoraviani na Wamethodisti wa karne ya 18 walikesha kuupokea mwaka tangu zamani, na msomaji wa Mbeya au Tabora anaufahamu mkesha huo bila kufundishwa. Lakini usiku wa 31 Desemba 1862, watu weusi wa Marekani walikesha wakisubiri tangazo la Rais Abraham Lincoln lianze kazi alfajiri ya 1863 na kutamka kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi ni huru. Tangu hapo mkesha una tabaka la pili, na shauti za Bolden za kuuaga mwaka zina tabaka hilo hata pale maneno yake hayautaji utumwa.

Jukwaa linabadilisha nini hasa

Walioimba kwanza mbele ya wageni walisita. Wanafunzi wa chuo cha Fisk, Nashville, walipoanza ziara yao ya kuchangisha fedha mwaka 1871, hawakutaka kuziimba nyimbo za kiroho hadharani. Ella Sheppard, mmoja wao, aliandika kwamba nyimbo zile zilihusishwa na utumwa na giza la nyuma, na zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, waliozitumia katika ibada na katika shauti. Hatimaye waliziimba, zikapangwa kwa sauti nne, zikawafikisha mbele ya Malkia Victoria mwaka 1873 na kujenga jengo la chuo chao. Kwa kufanya hivyo waliwaacha nyuma waitikiaji wa Allen, wale wa kuanza wapendapo. Zora Neale Hurston, mwandishi na mwanaanthropolojia, alilia na jambo hilo miaka 60 baadaye: alisema nyimbo za kwaya za ukumbini ni kazi za watunzi, nyimbo za watu wenyewe haziimbwi mara mbili sawasawa. Januari 1932 alijaribu kuonyesha tofauti katika ukumbi wa John Golden, New York, kwa onyesho la nyimbo na ngoma za watu wa kawaida. Nampa haki Hurston. Lakini siwalaumu vijana wa Fisk, watoto wa utumwa waliokuwa wanajijengea shule kwa sauti zao.

Shauti yenyewe ilikawia. Watafiti wengi walishadhani imekufa, hadi mwaka 1980, watu wa Bolden walipotokea kwenye tamasha la visiwa vya Georgia na kujiita McIntosh County Shouters. Mwaka 1984 ikatoka albamu yao ya kwanza, na mwaka 1993 wakapewa tuzo ya taifa ya urithi ya National Endowment for the Arts.

Nini kilibadilika? Kwanza, duara lilifunguka kuwaelekea waliokaa. Pili, muda: kitu cha kukesha kikawa cha dakika chache. Tatu, mavazi. Wanawake huvaa magauni marefu na vilemba, wanaume ovaroli, yaani nguo za mababu, si za Jumapili. Hili mara nyingi hupitwa bila kutajwa, nami naona ndilo linaloipa haki ya kuitwa sanaa ya maonyesho: kanisani mtu anakwenda shauti akiwa yeye, jukwaani anamwigiza bibi yake. Nne, na kubwa kuliko yote, mmoja wao husimama kabla ya wimbo na kueleza. Ile hadithi iliyofichwa kwenye amri za mwili sasa inatolewa mdomoni, maana waliokaa mbele hawana pa kuijulia.

Kwa hiyo mchanganyiko wa tambiko, wimbo na hadithi tunaouona kwenye sanaa hii si wa kale kabisa. Sehemu ya hadithi imenenepa jukwaani. Inajaza pengo la jumuiya isiyokuwapo ukumbini.

Kisichobadilika ni waitikiaji. Watu wa Bolden hawaendi na mwimbaji mmoja na vipaza sauti. Wanakwenda na kundi zima la kumjibu, ndugu na majirani, na fimbo yao. Nusu ya pili ya wimbo inasafiri nao. Kwa kipimo changu hapo tambiko halijavunjika, hata kama waliokaa wanakula bisi.

Tumia kipimo hicho kwa wengine uone. Kazi maarufu ya mtunzi wa dansi Alvin Ailey ya mwaka 1960, iliyotokana na kumbukumbu zake za kanisa la utotoni Texas, inatumia nyimbo za kiroho na imepita nchi nyingi kuliko balozi yeyote. Inanigusa kila mara. Lakini wanaocheza hawaimbi na wanaoimba hawachezi, na anayetazama hana jibu la kutoa mpaka makofi ya mwisho. Ni dansi kuu kuhusu ibada. Barbara Ann Teer, aliyeanzisha National Black Theatre huko Harlem mwaka 1968, alikwenda upande mwingine: alitaka aliyeingia ukumbini ashiriki badala ya kutazama, na kwa ajili hiyo alisafiri hadi Nigeria kujifunza ibada za Wayoruba. Reggie Wilson, mtunzi wa dansi wa Brooklyn, aliwasoma Wabaptisti wa Kiroho wa Trinidad na makanisa ya kusini mwa Marekani, na wachezaji wake huimba, hukanyaga na kupiga makofi wenyewe. Kundi lake, lililoanzishwa mwaka 1989, linaitwa Fist and Heel, yaani ngumi na kisigino. Hilo ndilo tusi ambalo Askofu Payne aliwaita watu wa duara.

Hata tambiko jipya kabisa linaweza kupimwa hivyo. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa California na Maulana Karenga mwaka 1966, inaangukia siku zilezile za mkesha, na maneno yake ni yetu: umoja, kujichagulia, ujima, kinara, karamu. Wengi wa walioipokea si wazao wa watu wa Uswahilini. Mababu zao walitoka magharibi na kati mwa Afrika. Kiswahili kilichaguliwa kwa kuwa hakikuwa lugha ya kabila moja. Wapo wanaoikebehi kwa kuwa ina umri mdogo. Mimi naangalia kama mzazi anapouliza swali la kila usiku, "Habari gani?", watoto wanajibu.

Tishio kubwa kwa shauti haliko jukwaani. Mwaka 1942 serikali iliitwaa ardhi ya Harris Neck, kijiji cha Amelia Dawley, kujenga uwanja wa ndege za kijeshi. Familia ziliondolewa, na leo ni hifadhi ya wanyamapori. Septemba 2023 baraza la kaunti ya McIntosh lilipitisha kanuni za kuruhusu kisiwani Sapelo nyumba zenye ukubwa wa zaidi ya mara mbili ya zilizoruhusiwa awali, na wakazi wa Hog Hammock, wazao wa watumwa wa kisiwa hicho, wakaenda mahakamani wakihofia kodi zitakazowashinda. Waitikiaji lazima wakae karibu karibu ili wajifunze kuingiliana katikati ya mstari. Ustadi huo hauji kwa mazoezi ya mwezi mmoja kabla ya tamasha.

Ukitaka kuisikia, McIntosh County Shouters wana rekodi za mwaka 1984, na nyingine iliyotoka mwaka 2017, kizazi kipya kikiwa kimeshika fimbo. Usimfuate mwimbishaji, ingawa sikio litamkimbilia. Zihesabu sauti zilizo nyuma yake: ipi inaingia kabla ya wakati, ipi inachelewa, ipi inamalizia neno aliloliacha. Kisha rudia wimbo uleule na ufuate fimbo peke yake.